Nyongeza za Kulipia Katika Gemu: Historia ya Bei na Thamani Kutoka Mabanda ya Dodoma

Nyongeza ya kulipia ni sehemu ya mchezo wa video inayouzwa peke yake baada ya mchezo wenyewe kuwa umekwisha kununuliwa. Inaweza kuwa ramani mpya, timu mpya, hadithi inayoendelea, silaha au hata mavazi ya mhusika. Bila mchezo wa msingi haichezeki, kwa hiyo mnunuzi hulipa mara mbili. Mabishano juu ya malipo hayo ya pili, kama yana thamani ya fedha inayotolewa, yana umri unaokaribia ule wa biashara ya gemu yenyewe. Dodoma na uwanda wa kati wa Tanzania uliyapokea kwa namna ya pekee, kwa kuwa huko mchezo wa video ulijulikana kwanza kama kitu cha kulipia kwa mechi bandani. Kuununua na kuuweka nyumbani kulikuja baadaye sana. Anayelipia mechi moja moja ana mizani yake ya thamani, na mizani hiyo haikuwamo akilini mwa kampuni zilizobuni nyongeza.

Biashara hii ilianzia Marekani. Mwaka 1979 kampuni ya Automated Simulations ilitoa Temple of Apshai, mchezo wa kuzunguka mapangoni na kupigana na madubwana, na mwaka 1981 ikauza Upper Reaches of Apshai kwa wale waliokwisha kumaliza mapango ya kwanza. Mwaka uliofuata ilitoka Knight of Diamonds, sehemu ya pili ya Wizardry, iliyomtaka mchezaji aje na wahusika aliowakuza katika sehemu ya kwanza. Hapo ndipo kanuni ya nyongeza ilipokamilika: jasho lililomwagwa katika mchezo wa zamani likawa sababu ya kununua mpya.

Katika miaka ya 1990 nyongeza ilikuwa diski ndani ya boksi lake, yenye bei pungufu kuliko mchezo kamili, na watengenezaji walijua kwamba boksi jembamba mno litabaki rafuni. StarCraft ilitoka mwaka 1998, na kabla mwaka huo haujaisha ikafuatwa na Brood War, yenye hadithi tatu mpya na aina saba mpya za wapiganaji. Vijana wa Korea Kusini waliicheza Brood War kwa mashindano ya fedha na ya televisheni kwa zaidi ya miaka 10. The Conquerors, nyongeza ya Age of Empires II iliyotoka mwaka 2000, ilileta mataifa matano, miongoni mwao Wakorea, Wahispania na Waazteki. Kwa viwango vya wakati huo hizi ni nyongeza zilizolipa, kwani aliyenunua alipata karibu mchezo mwingine mzima na hakuna aliyemrudia mwezi uliofuata kumdai tena.

Uwanda wa kati haukuwamo katika soko hilo hata kidogo. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, kwa hoja ya kulinda fedha za kigeni. Ni mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu chama tawala, TANU, kiamue kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma na tangu kuundwa kwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Mji mkuu mpya ulipangwa basi katika nchi iliyojifungia milango ya kompyuta, na ukajengwa polepole kwa sababu zilezile za uhaba wa fedha. Milango ilianza kulegea miaka ya 1980. Mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje, na deki za video na runinga zikaanza kuonekana majumbani na katika maonyesho ya mitaani. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu miaka ya 1970, ila Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994 ndipo vituo binafsi vya kwanza vikaanza kurusha matangazo. Gemu la nyumbani linahitaji runinga. Runinga ilikuwa adimu, na gemu likawa adimu zaidi.

Mashine za kwanza kuenea zilikuwa za kuiga. Nintendo ya Japani ilitoa Famicom yake mwaka 1983, na viwanda vya Taiwan na China vikatengeneza mashine zinazofanana nayo, za bei nafuu, zenye kaseti zilizodai kubeba maelfu ya michezo ndani yake. Aliyeifungua orodha hiyo na kuishuka hadi chini aligundua kwamba michezo halisi ilikuwa michache, na mingine ilikuwa ileile iliyopewa jina jipya au kuanzishwa katika hatua ya mbele. Kaseti hizo hazikuwa nyongeza kwa maana kamili. Hata hivyo zilikuwa somo la kwanza la soko la Afrika Mashariki juu ya tofauti kati ya wingi unaoandikwa kwenye karatasi na kile kinachochezeka, na somo hilo lilisahaulika upesi kuliko lilivyostahili.

Banda la gemu lilikuja na PlayStation. Sony ilitoa mashine ya kwanza mwaka 1994 na ya pili mwaka 2000, na hiyo ya pili iliuzwa zaidi ya 150,000,000 duniani. Nyingi zilifika Tanzania zikiwa zimetumika, zikipitia Kariakoo, Dar es Salaam, ndipo zikapanda basi au lori hadi bara. Vifaa vya banda vilikuwa vichache: runinga ya chogo, mashine, padi mbili, benchi, na ukuta wa mabati au chumba cha mbele cha nyumba katika mitaa kama Majengo na Chang'ombe. Malipo yalikuwa shilingi mia chache kwa mechi, au kwa muda kwa michezo isiyokuwa ya mpira. Mara nyingi aliyefungwa ndiye aliyelipa na kupisha benchi, aliyeshinda akabaki na padi mkononi. Kwa utaratibu huo mcheza hodari aliweza kukaa mchana kutwa bila kutoa senti, huku mwanafunzi anayejifunza akigharimia masomo yake kwa mabao.

Gharama kubwa ya mwenye banda ilikuwa umeme, na Dodoma inajua umeme hutoka wapi. Bwawa la Mtera, katika mpaka wa Dodoma na Iringa, lina mitambo ya megawati 80 iliyoanza kazi mwaka 1988, na maji yake ndiyo yanayoshuka kuendesha mitambo ya Kidatu. Miaka hiyo, mvua ilipokosekana katika mabonde yanayoulisha mto Ruaha Mkuu, nchi nzima iliona giza. Mgawo wa mwaka 2006 na ule wa 2011 ulifunga mabanda kwa saa nyingi kila siku. Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, nayo ilimzoesha kila mtu kununua umeme kwa kiasi cha fedha iliyopo mfukoni. Kulipa kidogo kidogo kulikuwa mazoea ya uwanda huu, tena ya akili timamu, kabla kampuni yoyote ya gemu haijafikiria kuuza upanga mmoja kwa dola mbili.

Kwa mwenye banda, nyongeza ilikuwa na thamani ikiwa tu inaongeza watu benchini. Ndiyo maana Grand Theft Auto: London 1969, iliyotolewa mwaka 1999 na kuwa miongoni mwa nyongeza za mwanzo kabisa kwa PlayStation, isingekuwa na maana kwake. Ilimtaka mchezaji aweke diski ya London, kisha aitoe na kuweka diski halisi ya mchezo wa kwanza, kisha arudishe ile ya London. Kinga ya aina hiyo ilitungwa dhidi ya nakala, na mabanda yaliendeshwa kwa nakala. Mashine zilifunguliwa na mafundi, zikatiwa chipu, na diski zilizonakiliwa zikauzwa kwa bei ya soda kadhaa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilikataza jambo hilo, na Chama cha Hakimiliki, COSOTA, kilikuwa kimepewa jukumu la kulinda haki za watunzi, lakini macho ya wengi yalikuwa kwenye muziki na filamu. Watengenezaji wa gemu hawakupata kitu kutoka mabandani. Ni kweli pia kwamba hawakuwa wameweka duka ambalo mtu wa Dodoma angeweza kwenda kununua.

Nyongeza iliyotikisa mabanda kweli ilitoka mikononi mwa wapenzi wa mpira. Konami ya Japani ilitengeneza Winning Eleven, iliyouzwa Ulaya kwa jina la Pro Evolution Soccer tangu 2001, na uchezaji wake ulipendwa kuliko wa washindani. Ila ilikosa leseni za klabu nyingi za Uingereza. Katika matoleo ya katikati ya miaka ya 2000 Liverpool iliitwa Merseyside Red, jina ambalo mshabiki wake wa Kizota, Dodoma, angeliona kama tusi. Konami, labda kwa kujua udhaifu wake, iliacha mlango wazi: mchezaji aliweza kubadili majina, jezi na vikosi na kuvihifadhi katika memori kadi ya megabaiti 8. Wapenzi wa mchezo katika nchi mbalimbali walikaa usiku kucha wakirekebisha kila klabu, kisha wakagawana mafaili hayo bure. Fundi aliyeyapakua aliyatia katika kadi au aliyachanganya ndani ya diski mpya, akamtoza mwenye banda fedha ya kazi yake. Kila usajili wa dirisha la Januari au Agosti ulipofungwa, diski mpya yenye vikosi vipya ilitafutwa. Baadaye zilionekana na zile zilizotiwa Simba na Yanga, pamoja na klabu nyingine za Ligi Kuu ya Tanzania.

Konami iliacha kutoa mchezo huo kwa PlayStation 2 baada ya toleo la 2014. Kazi ya mafundi haikukoma. Mashine iliyozaliwa mwaka 2000 iliendelea kupewa vikosi vya msimu mpya kwa miaka mingi baada ya kiwanda kuiaga, na hilo ndilo jambo ambalo nyongeza rasmi za mpira hazijaweza kulifanya hata leo. Kipimo cha banda kilikuwa kikali lakini wazi. Fedha ya fundi ilirudi kwa mechi za siku chache au haikurudi, na kama haikurudi, fundi huyo hakuitwa tena.

Mambo yalibadilika hatua kwa hatua kuanzia mwaka 2007. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza mwaka 2007, kikaleta maelfu ya vijana wenye kompyuta za mapajani. Mkongo wa baharini wa Seacom ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na mkongo wa taifa ukaupeleka mtandao wa kasi mikoani. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kuhamia Dodoma kwa vitendo, CDA ikavunjwa mwaka 2017, na tarehe 26 Aprili 2018 manispaa ikawa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 411,000 katika eneo la manispaa, na ile ya 2022 ikakuta 765,179 katika jiji. Watumishi waliohama kutoka Dar es Salaam walikuja na runinga bapa na PlayStation za kizazi kipya. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na wanunuzi wa nyumbani wa kutosha kwa swali la nyongeza kuwa swali la hapa.

Lakini nyongeza waliyoikuta haikuwa ile ya boksi. Mwezi Aprili 2006 kampuni ya Bethesda iliuza kwa mtandao deraya ya farasi kwa ajili ya mchezo wake Oblivion, kwa dola 2.50. Kwa kiwango cha mwaka huo ni kama shilingi 3,100. Farasi huyo alipendeza macho, na mabadiliko katika mchezo yakaishia karibu hapo hapo. Wachezaji walicheka na kukasirika, halafu wengi wao wakainunua. Mwaka uliofuata kampuni hiyohiyo ilitoa Shivering Isles kwa dola 30, nchi nzima mpya yenye hadithi yake. Kwa hesabu ya kiasi cha mchezo kwa kila dola, deraya ilikuwa ghali mno, na nyongeza ya dola 30 ilikuwa rahisi. Soko lilichukua funzo la kinyume: kitu kidogo chenye faida kubwa kinauzika.

Uwanda wa kati umewahi kuona mfumo wa malipo ya vipande. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, na kila mtemi aliyetawala eneo njiani alidai ushuru wake, hongo, kwa vitambaa, shanga na waya. Richard Burton na John Speke waliulipa mwaka 1857, na Henry Morton Stanley mwaka 1871, naye mtemi Magomba wa Kanyenye aliandikwa katika vitabu vya wasafiri kwa manung'uniko mengi. Manung'uniko hayo yalikuwa ya upande mmoja. Kwa ushuru huo msafara ulipata haki ya kunywa katika visima vilivyochimbwa na wenyeji na kununua nafaka katika nchi ya ukame, kabla ya kuingia nyika ya Mgunda Mkali. Mahali penye maji mlipaji alijua analipia nini. Palipodaiwa kitambaa kingine juu ya kile cha jana kwa kisima kilekile ndipo palipozuka ugomvi. Nyongeza za gemu hugawanyika vivyo hivyo, na wanaozitetea zote au kuzilaani zote huwa hawajaangalia kama kuna maji.

Mfano ulio karibu zaidi na mabanda ni wa mpira. Mwezi Machi 2009 kampuni ya Electronic Arts iliongeza Ultimate Team katika FIFA 09 kama nyongeza ya kulipia. Mchezaji alifungua pakiti za kadi za wanasoka bila kujua atakayempata, akajenga timu kutokana na bahati yake. Haukupita muda kampuni ikaitoa sehemu hiyo bure na kubaki ikiuza pakiti, kwa sababu ndimo mlimokuwa na fedha. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 Ultimate Team iliingiza dola bilioni 1.62. Mchezo hutoka upya kila mwaka, na kadi za mwaka jana haziingii katika mchezo wa mwaka huu. Mtu aliyetumia akiba yake kumpata mshambuliaji mmoja anaanza sifuri Septemba ikifika. Mwaka 2023 mkataba wa kampuni hiyo na FIFA ulipokwisha, michezo yenye jina la FIFA iliondolewa hata katika maduka ya mtandaoni.

Nyongeza ya UEFA Euro 2012 inaonyesha ugonjwa huo kwa udogo wake. Ilitolewa Aprili 2012 kwa ajili ya FIFA 12, kwa njia ya mtandao pekee, kwa dola 19.99, yaani zaidi kidogo ya shilingi 31,000 kwa kiwango cha wakati ule. Ilileta mashindano ya mataifa ya Ulaya, lakini timu nyingi ambazo hazikufuzu hazikuwa na leseni kamili, na FIFA 13 ilitoka Septemba mwaka huohuo. Mnunuzi alipata miezi mitano. Mwenye banda wa Dodoma angeipata vilevile kwa faili la fundi, na msimu mpya ulipoanza asingehitaji kununua mashindano mengine.

Mambo ni tofauti katika nyongeza za hadithi zinazotengenezwa kwa utulivu. Blood and Wine, ya mchezo wa Kipoland The Witcher 3, ilitoka Mei 2016 kwa bei ileile ya dola 19.99, na ilileta nchi mpya nzima yenye hadithi inayochukua saa nyingi. Shadow of the Erdtree, ya mchezo wa Kijapani Elden Ring, ilitoka Juni 2024 kwa dola 39.99 na ikasifiwa kuwa kubwa kuliko michezo mingi kamili. Age of Empires II iliongezewa The African Kingdoms mwaka 2015, miaka 15 baada ya The Conquerors, na ndani yake wamo Waethiopia, Wamali na Waberberi. Kampuni iliyorudi kuuhudumia mchezo wa zamani badala ya kuuzika ilistahili kulipwa. Na mchezo huo, kwa kuwa unakubali kompyuta dhaifu, unafaa zaidi kwa mabweni ya wanafunzi kuliko matoleo mengi mapya.

Hata hivyo bei ya dukani si bei ya Dodoma. Dola 39.99 mwezi Juni 2024 zilikuwa takriban shilingi 105,000. Kima cha chini cha mshahara serikalini wakati huo kilikuwa shilingi 370,000 kwa mwezi, na cha sekta ya biashara katika amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 kilikuwa 150,000. Nyongeza moja ilimgharimu mtumishi wa ngazi ya chini zaidi ya robo ya mshahara, na muuza duka zaidi ya theluthi mbili. Hata baada ya kima cha serikali kutangazwa kupanda hadi 500,000 katika sherehe za Mei Mosi 2025 mjini Singida, ilibaki kuwa zaidi ya moja ya tano. Kijana wa Ulaya analipa bei hiyohiyo kwa malipo ya saa chache za kazi. Inasemwa kuwa bei moja duniani ni haki kwa wote, lakini hoja hiyo haisimami mbele ya hesabu hizi.

Juu ya bei hiyo kuna mzigo mwingine. Nyongeza za leo hupakuliwa kwa mtandao na hufikia gigabaiti nyingi, na anayetegemea bando la simu hulipia upakuaji kabla ya kugusa padi. Sheria ya Fedha ya 2022 iliweka wazi kuwa huduma za kidijitali zinazouzwa nchini na kampuni za nje zinalipiwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Kwa upande mwingine, duka la mtandaoni la PlayStation kwa miaka mingi lilikuwa na tawi rasmi Afrika Kusini pekee kati ya nchi za kusini mwa Sahara. Mtanzania aliyetaka kununua kihalali alifungua akaunti kwa jina la nchi nyingine, akatafuta kadi ya zawadi ya nchi hiyo kutoka kwa mtu wa kati, akalipa kwa fedha ya simu pamoja na faida ya mtu huyo. Kutaka kulipa kukawa ujanja. Ni vigumu kumlaumu sana mwenye banda kwa nakala zake wakati mlango wa mbele ulikuwa umefungwa, ingawa nakala hizo zilibaki kuwa kinyume cha sheria.

Simu za mkononi zimefungua mlango wa nyuma. Free Fire ya mwaka 2017 na PUBG Mobile ya 2018 hazina bei ya kuanzia, na Konami iliigeuza Pro Evolution Soccer kuwa eFootball mwaka 2021, nayo bure. Kila kitu kinachouzwa ndani yake ni nyongeza: almasi, mavazi, bunduki zenye rangi, kadi za wachezaji. Kwa kijana wa Kondoa au Manyoni asiye na PlayStation hii ni neema, kwani anacheza na watu wa nchi nyingine bila kulipa. Lakini anayeanza kulipa huingia katika duka lisilokuwa na mwisho, na bidhaa nyingi ni za bahati. Mwaka 2018 mamlaka ya Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya bahati katika michezo kadhaa, ikiwemo FIFA 18, ni kamari, na mwaka 2019 Electronic Arts ikaacha kuuza pointi zake huko. Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na mikeka ya mpira imewekewa umri wa miaka 18. Pakiti ya kadi ndani ya simu hununuliwa na mtoto wa darasa la sita mwenye namba ya siri ya mzazi. Kati ya nyongeza zote, hizo ndizo mbaya kabisa kwa thamani, kwa kuwa mnunuzi haambiwi ananunua nini.

Kuna jambo moja zaidi katika mizani ya hapa, nalo ni nani aliyemo ndani ya nyongeza. Dodoma Jiji ilianza kucheza Ligi Kuu msimu wa 2020/21, ikitumia Uwanja wa Jamhuri, na Singida nayo imekuwa na timu za ligi hiyo. Wanaotaka kuzichezesha runingani hutegemea mafaili ya wapenzi, kama siku za memori kadi. Kuna na pengo la lugha, ambalo mwaka 2024 lilipunguzwa kidogo na studio ndogo ya Uingereza, Surgent, ya mwigizaji Abubakar Salim mwenye asili ya Kenya. Mchezo wake Tales of Kenzera: Zau, uliojengwa juu ya masimulizi ya Kibantu, una sauti kamili za Kiswahili, na uliuzwa mzima kwa dola 19.99.

Bei hiyo ni sawasawa na ya nyongeza ya Euro 2012 iliyodumu miezi mitano, na sawasawa na ya Blood and Wine. Kati ya hizo tatu, mbili zinastahili fedha ya mtu wa Dodoma, ikiwa atapata duka la kumuuzia.